Ua la pareto, majani ya utupa: historia ya dawa ya wadudu iliyofika Ganako

Ingia duka lolote la pembejeo pale Karatu mjini, kuna vitu viwili hutavikosa. Cha kwanza ni unga wa kuchanganya na mahindi kabla hujayahifadhi, ili dumuzi asiyageuze vumbi. Cha pili ni chupa ya dawa ya kupulizia maharage shambani. Mkulima wa Ganako ananunua vyote viwili, anapanda bodaboda, anarudi nyumbani. Hizo watu wanaziita dawa za kisasa.

Kumbe pembeni mwa shamba lake, kwenye kingo na kando ya njia, kumeota alizeti mwitu na mtukutu, na pengine utupa. Hizo wanaziita dawa za asili, na mara nyingi zaidi wanaziita magugu tu.

Mgawanyo huu wa "kisasa" upande mmja na "asili" upande mwingine tumeuzoea mno. Ukifuata historia, unakuta haushiki. Dawa nyingi zinazouzwa dukani ni uzao wa ua. Na majani yale ya pembeni mwa shamba yaliingia maabara hapa hapa Tanzania miaka ya 1930, kabla DDT haijajulikana. Kwa hiyo tofauti kati yao haipo kwenye uasili. Tofauti ni kwamba mmoja ulipimwa mpaka mwisho, mwingine uliachwa njiani. Hebu tuone ilikuwaje, kwa sababu kinachoamua leo kama mkulima wa Ganako aweke imani yake kwenye majani yake au kwenye chupa ni hicho hicho kipimo.

Ua jeupe linasafiri

Pareto ni ua dogo jeupe lenye kitovu cha njano. Kwa jina la kisayansi ni *Tanacetum cinerariifolium*. Asili yake ni pwani ya Dalmatia, ambayo leo sehemu kubwa iko Kroatia. Katika karne ya 19 watu wa huko walikuwa wakikausha maua yake, wanasaga, na kuuza unga wa kuulia viroboto, kunguni na chawa.

Mbegu zikasafiri. Huko Japani mfanyabiashara Eiichiro Ueyama alianza kulima pareto miaka ya 1880. Alitengeneza udi wa pareto wa kufukuza mbu, lakini vijiti vile viliungua haraka na kuisha kabla usiku haujaisha. Familia yake inasimulia kwamba mkewe, Yuki, ndiye aliyetoa wazo la kuuzungusha udi kama konokono ili uwake muda mrefu. Mwaka 1902 udi huo wa duara ukaingia sokoni. Ule udi wa mbu tunaouwasha mpaka leo ulianzia hapo, kwenye ua la pareto.

Afrika Mashariki iliingia kwenye hadithi hii mwaka 1928, pareto ilipoanza kulimwa Kenya kwenye nyanda za juu. Mmea huu unapenda baridi. Unataka mwinuko wa mita 1,800 au zaidi, na bila usiku wenye baridi hautoi maua ya kutosha. Karibu na ikweta, sehemu za namna hiyo zina baridi mwaka mzima, kwa hiyo mkulima anachuma maua miezi mingi. Dalmatia na Japani walikuwa na msimu mmoja mfupi. Hiyo peke yake iliipa Afrika Mashariki nafasi kubwa.

Kisha ikaja Vita vya Pili vya Dunia. Japani, iliyokuwa muuzaji mkubwa, ikawa upande wa pili wa vita. Majeshi ya Uingereza na Marekani yalikuwa yakipigana kwenye nchi zenye malaria na yalihitaji dawa ya mbu na chawa. Kenya na Tanganyika zikahimizwa kulima pareto kwa wingi. Kule Marekani, watafiti wawili, Lyle Goodhue na William Sullivan, walitengeneza kopo la chuma lenye gesi iliyotawanya dawa hewani kwa kubonyeza tu, na ndani yake kulikuwa na pareto. Makopo ya kupulizia mbu chumbani ambayo leo yamejaa madukani ni wajukuu wa kopo lile la jeshi.

Baada ya vita pareto ikawa zao la wakulima wadogo pia. Kuna wakati Kenya peke yake ilizalisha zaidi ya nusu ya pareto yote duniani. Tanganyika nayo haikuwa nyuma: maua yalikamuliwa Arusha na Tanganyika Extract Company. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kampuni hiyo ilikuwa moja ya zile ambazo serikali ilichukua sehemu kubwa ya hisa. Yaani kutoka Ganako mpaka kwenye kiwanda kilichobadilisha ua kuwa dawa ya kuuza nje ilikuwa safari ya basi tu.

Kilichomo ndani ya ua

Kwa nini pareto inaua mdudu? Wakemia wawili waliofanya kazi Uswisi, Hermann Staudinger na Leopold Ružička, ndio waliochambua maua haya na mwaka 1924 wakachapisha maelezo ya kemikali zilizomo. Kemikali hizo zinaitwa pairethrini. Ziko zaidi kwenye kitovu cha ua, pale zinapokaa mbegu, na kwenye ua lililokaushwa huwa ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito.

Kazi yake ni kwenye mishipa ya fahamu. Ndani ya mishipa hiyo kuna vijilango vidogo vinavyofunguka kupitisha chembe za sodiamu na kufungwa tena. Ndivyo taarifa inavyosafiri mwilini. Pairethrini inavizuia vijilango hivyo visifungwe. Mishipa ya mdudu inapiga kelele bila kunyamaza, mdudu anatetemeka, anaanguka. Mwili wa binadamu una uwezo wa kuzivunjavunja kemikali hizi haraka, ndiyo maana pareto ikasifiwa kuwa dawa ya kutumia nyumbani.

Ila ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: jua. Ukiipulizia shambani asubuhi, mwanga wa jua unaivunja ndani ya muda mfupi. Ndani ya nyumba inafaa sana. Kwenye ekari ya maharage chini ya jua la Karatu, hapana.

Wanasayansi wakaamua kuiga. Kwa kuwa umbo la kemikali lilikuwa limeshajulikana, wangeweza kulibadilisha kidogo kidogo mpaka lipatikane lile linalohimili jua. Mwaka 1949 ikapatikana alethrini, pareto ya kwanza ya maabara, lakini nayo ilikuwa ya ndani ya nyumba tu. Mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake kule Rothamsted, Uingereza, wakatangaza permethrini, na hii sasa ilivumilia jua. Ukoo mzima wa kemikali za namna hii unaitwa pairethroidi.

Sasa rudi kwenye lile duka la pembejeo. Dumuzi, mdudu wa mahindi kutoka Amerika ya Kati, aliripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, na alivyokuwa akitafuna, wakulima wa huko wakambandika jina la Scania, kama lile lori. Dawa za ghalani zilizokuwapo ziliwaweza fukusi lakini dumuzi hazikumtosha, kwa hiyo ikatengenezwa Actellic Super: dawa ya fukusi pamoja na permethrini kidogo kwa ajili ya dumuzi. Na chupa ya kupulizia maharage? Mara nyingi ni Karate au nyingine ya aina yake, yenye lambda-sihalothrini, ambayo nayo ni pairethroidi. Hata chandarua cha Olyset, kilichoanza kutengenezwa na kiwanda cha A to Z pale Arusha mwaka 2003, kina permethrini ndani ya nyuzi zake.

Kwa hiyo mkulima wa Ganako anayelala ndani ya chandarua, anayehifadhi mahindi na kupulizia maharage, anatumia ukoo wa ua moja mara tatu. Ua lenyewe halipo kwenye hizo bidhaa. Umbo lake ndilo lililochukuliwa.

Na waliokuwa wakilima ua? Kenya iliporomoka kuanzia mwishoni mwa karne ya 20. Wakulima walicheleweshewa malipo, wengi wakang'oa pareto na kupanda viazi. Kisiwa cha Tasmania, Australia, kikachukua nafasi kwa kulima na kuvuna kwa mashine. Tanzania bado inalima, hasa nyanda za juu kusini, na kiwanda sasa kiko Mafinga, mkoani Iringa. Lakini mkulima wa kawaida wa kaskazini, pareto anaijua kwa jina tu, kama zao la wazee.

Utupa ulifika maabara mapema

Tuje kwenye mmea wa pili, ambao njia yake ilikuwa tofauti kabisa.

Utupa, *Tephrosia vogelii*, ni kichaka cha jamii ya kunde chenye maua meupe au ya zambarau na maganda yenye manyoya. Watu wa sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati waliujua kwa kazi moja: kuvulia samaki. Unaponda majani, unatia kwenye kidimbwi au kijito kinachokwenda polepole, samaki wanalewa na kuelea juu. (Usijaribu, sheria ya uvuvi ya Tanzania inakataza kuvua kwa sumu, na kwa sababu nzuri: inaua hadi vifaranga.)

Maarifa ya sumu za mimea hayakuwa mageni ukanda huu. Chini kidogo ya Karatu, kuzunguka Ziwa Eyasi, Wahadzabe hutengeneza sumu ya mishale kutokana na utomvu wa *Adenium*, ndugu wa yale maua ya waridi la jangwani tunayopanda kwenye vyungu. Anayetumia sumu ya namna hiyo lazima ajue kipimo chake.

Utupa unaua samaki kwa njia gani? Jibu lilipatikana kwanza kwenye mimea mingine ya jamii hiyo hiyo ya kunde, kule Asia na Amerika ya Kusini, ambako nako watu walivua samaki kwa mizizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mkemia wa Kijapani, Nagai, aliipa kemikali yake jina rotenoni. Rotenoni na ndugu zake, wanaoitwa rotenoidi, wanazuia mitokondria, yaani zile sehemu za seli zinazotengeneza nguvu. Seli inakosa nguvu hata kama hewa ipo. Samaki anaipata haraka kupitia mashavu, na mdudu anaipata kupitia kula na kugusa.

Wazo likaja lenyewe: kinachoua samaki hivi, si kitaua wadudu wa mazao? Hapo ndipo Tanganyika inapoingia. Kule Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, na Waingereza wakakiendeleza. Mkemia wa kituo hicho, R. R. Worsley, alikusanya mimea ya Afrika Mashariki yenye sifa ya kuua wadudu akaipima mmoja mmoja. Mwaka 1934 alichapisha matokeo yake kwenye jarida la kisayansi la Uingereza, na mwaka 1936 akaendelea na mmea mwingine wa kuvulia samaki, *Mundulea*.

Angalia mwaka vizuri. 1934! Paul Müller aligundua nguvu ya DDT dhidi ya wadudu mwaka 1939. Yaani utafiti wa dawa za wadudu za mimea ya kwetu, uliofanyika kwenye ardhi yetu, umeitangulia DDT kwa miaka mitano.

Ulikwama wapi basi? Kwanza, soko la rotenoni tayari lilikuwa na wenyewe: mizizi ya *Derris* kutoka Malaya na *Lonchocarpus* kutoka Peru. Pili, DDT ilipofika baada ya vita, ilikuwa rahisi, ilikaa miezi bila kupoteza nguvu, na haikuhitaji kulimwa. Müller akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948. Hamu ya kupima majani ya vichakani ikapoa dunia nzima. Mwaka 1962 Rachel Carson alipotoa kitabu chake *Silent Spring* kuonyesha madhara ya DDT kwa ndege na mazingira, wengi walianza kutafuta mbadala, lakini mbadala walioupata kwanza ulikuwa kemikali nyingine za viwandani, zikiwemo zile pairethroidi.

Utupa ukarudi kijijini. Haukushindwa kwenye jaribio lolote. Hakuna tu aliyeona faida ya kumaliza kuupima.

Miaka ya bomba la mgongoni

Baada ya biashara huria ya miaka ya 1990, maduka binafsi ya pembejeo yalisambaa mpaka senta ndogo. Dawa ikawa karibu. Ushauri wa kuitumia haukuja kwa kasi hiyo hiyo.

Kuna utafiti mmoja ambao kila anayeishi Karatu angepaswa kuujua. Ulichapishwa mwaka 2007 na A. V. Ngowi na wenzake, na uliwahoji wakulima wadogo wa mboga (nyanya, kabichi, vitunguu) katika wilaya za Arumeru, Monduli, Karatu na Moshi Vijijini. Asilimia 59 ya viuatilifu walivyotumia vilikuwa vya kuua wadudu. Karibu theluthi moja ya wakulima walichanganya dawa zaidi ya moja kwenye bomba moja, na hakukuwa na maelekezo yoyote kuhusu michanganyiko hiyo, si kwenye lebo wala kutoka kwa bwana shamba. Zaidi ya nusu walipulizia mara tano au zaidi kwa msimu.

Namba nzito kuliko zote ni hii: asilimia 68 ya wakulima walisema waliwahi kujisikia kuumwa baada ya kupulizia. Ngozi kuwasha, kizunguzungu, kichwa kuuma.

Fikiria kidogo. Watu wawili kati ya watatu. Halafu mtu anasema "dawa hii kali kweli" kama sifa. Na ukipulizia kemikali ya aina moja mara tano kwa msimu, mwaka baada ya mwaka, wadudu wachache wenye uwezo wa kuihimili ndio wanaobaki kuzaana. Mbu wa malaria wameshaonyesha usugu dhidi ya pairethroidi sehemu nyingi za Afrika. Wadudu wa shambani nao wanajifunza. Mkulima anaongeza dozi, anaongeza gharama, na anazidi kuumwa.

Magugu yanapimwa shambani

Sasa tufike Tengeru, nje kidogo ya Arusha, kwenye Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mwaka 2015 Prisila Mkenda na wenzake, akiwemo Patrick Ndakidemi wa taasisi hiyo pamoja na Philip Stevenson na Steven Belmain wa Chuo Kikuu cha Greenwich, walichapisha jaribio la shambani kwenye maharage. Walichukua mimea minne inayoota yenyewe kaskazini mwa Tanzania: utupa, alizeti mwitu (*Tithonia diversifolia*), mtukutu (*Vernonia amygdalina*) na *Lippia javanica*, kile kichaka chenye majani ya harufu kali.

Utengenezaji wake hauna uchawi. Majani yanakaushwa kivulini, kwa sababu jua linaharibu kemikali. Yanasagwa. Unga unalowekwa kwenye maji yenye sabuni kidogo, kwa kuwa kemikali nyingi za mimea hazipendi maji matupu na sabuni inazisaidia kutoka. Unaacha siku nzima, unachuja, unajaza bomba.

Kisha wakalinganisha na dawa ya dukani. Ipi? Karate, mjukuu wa pareto. Ukilitazama kwa jicho la historia, jaribio lile lilikuwa la mmea kwa mmea: uzao wa ua lililopimwa kwa miaka mia moja, dhidi ya majani yaliyoachwa Amani.

Matokeo yalikuwa haya. Majani yalidhibiti wadudu wakuu wa maharage kwa kiwango kinacholingana na Karate. Wadudu rafiki, yaani buibui na wale mbawakavu wadogo wenye madoadoa wanaokula vidukari, walidhurika kidogo sana kuliko kwenye mashamba yaliyopuliziwa Karate. Na kwa upande wa fedha, majani yalilipa zaidi, kwa sababu gharama ya chupa ilimeza faida yake. Uchambuzi wa maabara ulikuta deguelini, ndugu wa rotenoni, kwenye maji ya utupa, na vernodalini kwenye mtukutu. Yaani iliwezekana kutaja kwa jina kilichokuwa kikifanya kazi.

Jambo moja dogo la kufurahisha: alizeti mwitu si mmea wa mababu. Umetoka Meksiko na Amerika ya Kati, kama mahindi na maharage yenyewe. "Asili" ya kwetu nayo ina pasipoti.

Asili haimaanishi salama

Hapa inabidi tuwe wakweli, maana kuna watu mitandaoni wanauza maneno matamu kuhusu "dawa za asili zisizo na madhara".

Kwanza, sumu ni sumu. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba panya waliopewa rotenoni mfululizo walipata dalili zinazofanana na ugonjwa wa Parkinson, na tafiti za baadaye Marekani zilikuta ugonjwa huo zaidi kwa wakulima waliowahi kuitumia. Umoja wa Ulaya ukaiondoa kwenye orodha ya dawa za mazao. Maji ya utupa si rotenoni safi, yana kiasi kidogo zaidi, lakini anayeyapulizia avae glovu na barakoa kama anapopulizia Karate, na mabaki yasimwagwe mtoni wala karibu na bwawa la samaki.

Pili, majani yanayofanana si lazima yawe sawa. Mwaka 2012 Stevenson na wenzake waliripoti kwamba utupa uko wa aina mbili kwa kemikali. Aina moja ina rotenoidi na inaua wadudu. Nyingine haina, na haifanyi kitu. Kwa macho huwezi kuzitofautisha kirahisi, na kule Malawi kuna wakulima walikuwa wakipanda aina isiyofanya kazi bila kujua. Mkulima wa namna hiyo atapulizia, atapoteza maharage, na atamwambia jirani yake kwamba dawa za mimea ni uongo. Kwa alichokiona yeye, atakuwa na haki kabisa ya kusema hivyo.

Tatu, kazi. Kipimo kimojawapo cha jaribio la Tengeru kilikuwa kilo 1 ya unga kwa lita 10 za maji. Bomba la lita 15 linataka kilo moja na nusu ya unga mkavu. Ekari ikila mabomba manane, hiyo ni kilo 12 kwa mpulizio mmoja, na maji lita 120. Nani anachuma hayo majani? Nani anabeba maji wakati wa kiangazi? Kwenye nyumba nyingi jibu ni mama na watoto. Kazi hiyo haionekani kwenye risiti ya duka, lakini ni gharama.

Kilichobaki kupimwa

Kuna mmea wa tatu unaotufundisha jambo la mwisho: muarobaini. Mwaka 1959, nzige walipovamia Sudan, mtaalamu wa wadudu Heinrich Schmutterer aliona miti ya muarobaini imebaki na majani yake wakati kila kitu kimeliwa. Mwaka 1968 kemikali yake, azadiraktini, ikatengwa maabara. Mwaka 1994 kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani zikapewa hataza Ulaya kwa dawa ya ukungu inayotokana na mafuta ya muarobaini. Wahindi wakapinga, kwa hoja kwamba hilo halikuwa jambo jipya, wakulima wao walikuwa wakilifanya. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Walishinda kwa sababu waliweza kuthibitisha. Maarifa yasiyoandikwa popote ni rahisi kuchukuliwa, na ni rahisi zaidi kudharauliwa.

Tukiziweka historia hizi pamoja, picha inakuwa wazi. Pareto ilipata wakemia, viwanda na majeshi, kwa hiyo ilijulikana: kiasi gani, kwa mdudu gani, inadumu saa ngapi. Utupa ulipata miaka michache ya Amani, kisha kimya cha miaka mingi. Leo Tanzania ina vyombo vya kufanya kazi hiyo. Maabara ya viuatilifu ya Ngaramtoni, Arusha, iliyoanzishwa kisheria kama TPRI mwaka 1979, sasa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya 2020. Kiuatilifu chochote kinachouzwa lazima kisajiliwe, na kusajili kunataka ujue kilichomo ndani. Kwa mtu anayetaka kufungasha unga wa utupa na kuuza Karatu, hiki ndicho kizingiti, na kwa haki.

Maswali ambayo bado hayajajibiwa kwa Ganako yanaeleweka kabisa na hata mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuyabeba. Utupa unaoota kwenye kingo za mashamba ya Ganako ni wa aina ipi kati ya zile mbili? Majani ya kiangazi yana nguvu sawa na ya masika? Unga uliokaushwa ukikaa miezi mitatu kwenye kiroba unabaki na nini? Je, inawezekana kupulizia mara mbili badala ya tano kwa kuchagua wakati wadudu wanapoanza tu, ili mzigo wa majani na maji upungue?

Mpaka hayo yajibiwe, mkulima anayetaka kujaribu aanze na matuta machache, aache matuta mengine bila dawa kwa kulinganisha, na aandike tarehe na alichokiona. Worsley alianza hivyo hivyo Amani, kwa mmea mmoja mmoja na daftari.